Maswali ya Wasomaji: Siku Moja Mwanza, Pa Kuanzia ni Ziwani

Barua nyingi za safari hii zinauliza jambo moja kwa namna mbalimbali: mgeni mwenye saa chache tu jijini Mwanza atembezwe wapi, na nani, na kwa utaratibu upi. Nimeanza na ile yenye mambo mengi zaidi.

Ndugu mjibu maswali, mwezi ujao nitakuja Mwanza kwa harusi ya binamu yangu. Harusi ni Jumamosi, nami nitakuwa huru Ijumaa kutwa. Kijana mmoja anayetembeza wageni amenitumia orodha ya sehemu 12 na kusema kwamba tutazimaliza zote siku hiyo. Je, inawezekana? Na kuna haja gani ya kumlipa mtu anitembeze katika nchi yangu mwenyewe? – Msomaji, Dodoma

Kuwezekana kunawezekana, maana gari linaweza kupita mbele ya sehemu zote 12 kabla jua halijazama, lakini utarudi Dodoma ukiwa umeona vituo vya daladala zaidi kuliko ulivyoiona Mwanza. Barabara za jiji hili zimebanwa kati ya vilima vya mawe na maji, na foleni ikishashika hakuna njia ya mkato. Chagua sehemu tatu, au nne ikiwa mojawapo ni ya kupita tu. Zilizobaki mwachie huyo kijana; huenda aliziandika ili bei yake ionekane imeshiba.

Mpangilio wa siku huamuliwa na ziwa. Asubuhi maji mara nyingi huwa yametulia, na kadiri jua linavyopanda, nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, hewa iliyo juu ya nchi hupanda, na upepo wa kutoka ziwani huja kuijaza nafasi yake. Ndiyo maana boti inayoteleza vizuri saa tatu asubuhi inaweza kuwarusharusha abiria saa tisa alasiri. Kwa hiyo mambo ya majini yatangulie, ya nchi kavu yafuate, na jua kali likukute mezani.

Kabla ya boti, hata hivyo, nenda Mwaloni, Kirumba, na ufike mapema, wakati mizigo ingali inashushwa na kupimwa. Hili ni soko la samaki na dagaa ambalo wateja wake wanatoka mpaka Kongo, Rwanda na Burundi, na mwongozaji anayelijua ataanza kwa kukueleza mwezi ukoje. Dagaa huvuliwa usiku wa giza kwa taa zinazoelea, zamani karabai na siku hizi zaidi za sola, kwa kuwa mwanga huwavuta kuja juu. Mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu tena, wavuvi wengi hupumzika, mzigo sokoni hupungua, na bei husogea. Simama karibu na mnunuzi mmoja bila kumziba njia, umtazame anavyofanya kazi. Anachota dagaa kiganjani, anawasugua kwa kidole gumba, anawapuliza, kisha anatazama kilichobaki katika mistari ya kiganja. Kikibaki mchanga, anajua kwamba wameanikwa chini ufukweni. Yakibaki magamba yanayong'aa tu, wameanikwa juu ya chanja, na hapo ndipo mazungumzo ya bei yanapoanza kwa dhati.

Upande wa sangara, uliza habari za mabondo na mapanki. Sangara si mwenyeji wa ziwa hili. Aliletwa katika miaka ya 1950 na 1960, akawala furu, wale samaki wadogo wa asili, mpaka aina nyingi zikatoweka, na baadaye akasimamisha viwanda vya minofu ambavyo vimelisha familia nyingi za mkoa huu. Bondo ni kile kifuko cha hewa kilichomo tumboni mwake, nacho husafirishwa hasa kwenda China kwa bei inayoipita ya mnofu wenyewe. Panki ni kichwa na mifupa inayobaki baada ya minofu kuchukuliwa, na hiyo ndiyo sehemu iliyozoeleka kumfikia mlaji wa hapa mwenye kipato kidogo. Ukiyaelewa hayo mawili, umeielewa nusu ya biashara ya ziwa, na hukulazimika kusoma kitabu.

Kutoka Mwaloni uje katikati ya jiji, karibu na kivuko cha Kamanga, ulitazame jiwe la Bismarck, lililopewa jina la chansela wa Ujerumani enzi za utawala wa Wajerumani. Kila mgeni hupiga picha hapa na ni haki yake, ila wengi huondoka wakiamini kwamba mawe hayo yaliporomoka kutoka mahali fulani, au yalipangwa. Hayakutoka popote. Ni graniti iliyoganda chini kabisa ya ardhi zaidi ya miaka bilioni mbili na nusu iliyopita, ikapata nyufa zilizokatana kama matofali, maji ya mvua yakapenya katika nyufa hizo na kuuozesha mwamba taratibu. Pembe huoza upesi kuliko uso ulio bapa, kwa sababu hushambuliwa kutoka pande zaidi ya moja, na hivyo kila tofali likawa duara. Udongo laini uliokuwa katikati ukachukuliwa na mvua, na mawe magumu yakabaki yamekaa juu ya wenzake mahali pale pale yalipozaliwa. Ukishaelezwa hivyo utayaona mawe ya Bugando, Isamilo na Mabatini kwa jicho lingine, pamoja na zile nyumba zilizojibanza katikati yake. Tazama pia sehemu ya chini ya jiwe, mahali maji yanapoligusa: mistari ya rangi iliyopo hapo ni alama za kupanda na kushuka kwa ziwa, na weupe wa juu ni kazi ya mnandi, ndege weusi wanaokaa pale wakikausha mabawa.

Ukiwa hapo hapo, mwombe mwongozaji akueleze bandari, kwa sababu bila bandari usingekuwapo mji huu kwa ukubwa ulio nao. Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928. Kabla ya hapo pamba ya Usukuma ilipakiwa melini, ikavuka ziwa zima hadi Kisumu, ambako reli ya kwenda Mombasa ilikuwa imefika tangu 1901, na ndipo ikaelekea baharini. Mzigo wa Tanganyika, kwa maneno mengine, ulitokea mlango wa jirani. MV Victoria, ambayo wazee wengi wa Kagera na Mwanza wameisafiria, iliundwa Uingereza, ikaletwa vipande vipande, ikaunganishwa Kisumu na kuanza kazi mwanzoni mwa miaka ya 1960. MV Mwanza, yenye uwezo wa kubeba abiria 1,200, imeundwa hapa hapa, katika bandari ya Mwanza Kusini, na kushushwa majini Februari 2023. Mwongozaji asiyeweza kukueleza tofauti ya safari za meli hizo mbili hadi zikafika majini, mwambie akupeleke tu unakokwenda, na umlipe kama dereva.

Boti sasa. Kisiwa cha Saanane kiko dakika chache tu kutoka ofisi za hifadhi zilizopo Capri Point. Jina ni la mzee Saanane Chawandi, aliyekuwa akiishi na kufanya shughuli zake kisiwani humo kabla serikali haijakichukua na kukifanya bustani ya wanyama mwaka 1964. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu 2013, nacho ndicho hifadhi ndogo kuliko zote nchini: kilomita za mraba 2.18, maji yakihesabiwa. Usiende ukitafuta tembo. Nenda ukawaone pimbi wakiota jua juu ya mawe, swala pala, kobe, kenge na mijusi yenye vichwa vyekundu, kisha upande mwamba wa juu uuone mji wote umekaa mbele yako. Saa mbili zinatosha. Viingilio hutofautiana kati ya raia na mgeni, mtu mzima na mtoto, na hubadilika mara kwa mara, hivyo uliza hapo ofisini badala ya kumwamini mtu wa barabarani, na ulipie kwa namba ya malipo utakayopewa ili stakabadhi iwe mkononi mwako.

Ukirudi utakuwa na njaa. Kula sato, na ukiweza umle wa kuchemsha, kwa kuwa kukaanga huficha samaki wa juzi. Alasiri pumzika kidogo, halafu upande kilima cha Capri Point jua linapoelekea magharibi. Daraja la Kigongo–Busisi, lenye urefu wa kilomita 3 na lililofunguliwa Juni 2025, ni la kuonwa kweli, lakini liko nje ya jiji. Kama utapitia Geita wakati mwingine utalivuka, na Ijumaa yako iache ilivyo.

Kuhusu haja ya mwongozaji katika nchi yako mwenyewe: humlipi kwa kukuonyesha njia, maana bodaboda anaijua njia kumshinda. Unamlipa kwa kufahamiana na watu, ili Mwaloni usionekane mpelelezi wa bei, na unamlipa kwa maelezo. Kabla ya kukubaliana, mpigie simu na umwulize swali moja lisilo katika orodha yake, kwa mfano kwa nini soko la dagaa hufuata mwezi. Akijibu kwa uhakika, mchukue. Akikimbilia kutaja bei ya gari, tafuta mwingine. Mapatano yenu yaseme wazi ni nini kimo ndani ya bei, yaani gari, mafuta, boti, viingilio na chakula cha mwongozaji mwenyewe, kwa sababu hicho cha mwisho ndicho kinacholeta maneno mchana. Leseni yake au kitambulisho chake cha kazi kiombe bila kuona haya.

Mama yangu ana miaka 70 na anaogopa maji kabisa. Wadogo zangu wanasema tumpandishe tu botini, woga utamtoka. Wewe unasemaje? – Binti wa Shinyanga

Nasema mwacheni mama. Watu wa rika lake katika ukanda huu wana sababu ya kuogopa, maana wanaikumbuka ajali ya meli ya MV Bukoba, na matembezi ya kumfurahisha mtu hayawi mahali pa kumponyesha. Mpelekeni Capri Point kwa gari, akae kwenye kivuli akilitazama ziwa kutoka juu, na mmoja wenu abaki naye wakati wengine wako Saanane. Akitaka kugusa maji, asiingie miguu mitupu kwenye kingo zenye majani na maji yaliyosimama, kwa kuwa konokono wa kichocho hupenda mahali pa namna hiyo. Onyo hilo, kwa hakika, ni lenu zaidi kuliko lake.

Kwa wale mtakaopanda, angalieni mambo machache kabla ya kulipa. Kila abiria apewe jaketi la kujiokolea linalomtosha, alivae na kulifunga, asilikalie. Boti iwe na idadi ya abiria inayoruhusiwa, na nahodha asiwe mtu wa kusema «ongezeni mmoja». Sikilizeni utabiri wa Mamlaka ya Hali ya Hewa asubuhi hiyo. Mkiona wingu zito linajikusanya upande wa ziwa, ahirisheni, Saanane haihami.

Mimi ni mwalimu wa darasa la sita wilayani Magu. Tuna fedha za safari moja tu ya kutwa kwa wanafunzi 45. Tuchague Saanane au Makumbusho ya Bujora? – Mwalimu, Magu

Bujora, mwalimu, na sitazunguka. Iko Kisesa, barabara hiyo hiyo ya Musoma mtakayopita, kiasi cha kilomita 20 kabla ya kuingia katikati ya jiji, hivyo mtaokoa mafuta na muda wa foleni. Kuwapandisha watoto 45 botini kwa mafungu, kuwasubiri na kuwahesabu kila mara kutakula nusu ya siku, na wale watakaosubiri ufukweni watakuwa wameshachoka kabla ya zamu yao.

Makumbusho hayo yalianzishwa katika miaka ya 1950 na Padri David Clement, mmisionari kutoka Kanada aliyeipenda ngoma ya Wasukuma kiasi cha kuiingiza kanisani, jambo ambalo wakati ule halikuwa la kawaida. Waonyesheni watoto jengo lenye umbo la kiti cha enzi cha mtemi, wakae kimya mbele ya ngoma za kitemi zilizohifadhiwa humo, kisha waelezwe habari za Bagalu na Bagika, yale makundi mawili ya ngoma ambayo ushindani wao umedumu vizazi na vizazi. Hapo mwongozaji hana budi awe mwenyeji wa pale pale, naye asiachwe ahutubie tu. Mwombeni aguse ngoma, achezeshe, aulize maswali. Watoto wenu wengi watakuwa wanakijua Kisukuma cha nyumbani, na watafurahi kusikia salamu ya asubuhi, «mwangaluka», ikitoka kwa mtu aliyevaa kitambulisho cha kazi. Kama mnaweza kusogeza safari hadi Juni, ulizeni tarehe za Bulabo, sherehe ya ngoma inayoendana na sikukuu ya Ekaristi, ingawa siku hiyo watu ni wengi na watoto wadogo wanahitaji walimu wa ziada.

Mkimaliza mapema, endeleeni hadi mjini mkalione jiwe la Bismarck kutoka ufukweni. Halina kiingilio cha boti, na somo la jiografia litakuwa limekamilika.

Shikamoo mzee. Ninatembeza wageni hapa jijini. Baadhi yao huniomba niwapeleke kwenye makaburi ya MV Bukoba, Igoma. Wengine ni wageni wa nje wanaotaka picha tu. Mimi nilizaliwa baada ya ajali ile, na kila nikifika pale sijui niseme nini. Je, niwe nakataa? – Kijana mwongozaji, Kirumba

Marahaba, kijana wangu. Usikatae, lakini pia usipaweke katika orodha yako ya kila mgeni, katikati ya soko na chakula cha mchana. Apelekwe anayeomba, baada ya wewe kumwuliza anapaombea nini. Wapo wenye ndugu zao pale wasiojua hata mahali pa kuanzia kutafuta, na hao wanastahili muda wako wote.

Kutokuwapo kwako wakati ule si kasoro. Jifunze yale yaliyo ya hakika na useme hayo tu. Meli ilizama asubuhi ya tarehe 21 Mei 1996 ikitokea Bukoba, ikiwa imekaribia kufika Mwanza, na ilikuwa imebeba watu wengi kupita kiasi. Waliokufa walizidi 800. Wengi waliopatikana bila kutambuliwa na jamaa zao walizikwa pamoja Igoma, na ndiyo sababu mgeni ataona makaburi yaliyopangana kwa safu. Hadithi za nani alifanya nini ndani ya meli, ambazo kila kijiwe kina yake, usizibebe. Mgeni akitaka kujua zaidi, mweleze kwamba mwaka 2018, tarehe 20 Septemba, kivuko cha MV Nyerere kilipinduka karibu na gati la Ukara na kuua watu 228, na kwamba sababu ya kujaza watu na mizigo kupita kiasi ilitajwa tena. Ukiyaweka matukio hayo mawili pamoja, mgeni ataelewa kwa nini mlinzi wa gati siku hizi anahesabu vichwa, na kwa nini wewe mwenyewe unamlazimisha afunge jaketi hata kama Saanane inaonekana pale pale.

Kuhusu picha, weka sharti lako kabla ya gari kuondoka: picha ya mnara wa kumbukumbu sawa, picha ya mtu akitabasamu katikati ya makaburi hapana, na picha ya wafiwa waliofika kuomba kamwe. Mgeni mwenye adabu atakushukuru kwa kumwambia mapema, na asiye na adabu ataghairi, jambo ambalo si hasara. Mwezi Mei jamaa za marehemu hukusanyika pale kwa ajili ya ibada ya kumbukumbu. Siku hiyo usimpeleke mgeni yeyote wa kutazama tu. Malipo ya ziada kwa kituo hicho usidai. Dai mafuta ya kwenda Igoma na kurudi, basi.

Ninapenda kupiga picha za meli. Je, ninaruhusiwa kuingia bandarini na kamera? – Mwanafunzi wa chuo, Nyegezi

Si kwa kujiingilia tu. Eneo la bandari lina ulinzi, na picha za gati, mitambo na askari zinaweza kukuletea maswali marefu. Andika barua kwa uongozi wa bandari ukieleza wewe ni nani na picha ni za nini, uambatanishe kitambulisho cha chuo, na usubiri jibu. Wakati unasubiri, vivuko vya Kamanga unaweza kuvipiga ukiwa nje, ufukweni upande wa jiwe la Bismarck, na asubuhi mwanga huwa nyuma yako. Droni ina kibali chake peke yake. Usiirushe hapo kabla hujakipata, hata kama rafiki zako wamefanya hivyo na hakuna aliyewauliza.